Anayeosha Mtungi Huimba

Jua lilikuwa limeshagusa milima ng'ambo ya mto Alazani Makvala alipoteremka ghalani na ndoo mbili za maji ya moto yenye jivu. Alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri. Alikuwa amechuma zabibu mpaka saa nane mchana, amepika maharage ya watu kumi na wanne, ameosha sufuria zao, amemtia mtoto mdogo dawa ya sikio. Ulibaki mtungi mmoja tu wa kuosha. Wakimaliza huo, wakalale.

"Ulikwenda kuyachimba hayo maji?" mumewe aliuliza bila kugeuka.

"Nilikwenda kuyachemsha. Au wewe ungeyachemsha kwa maneno?"

"Mimi maneno sina."

Hilo lilikuwa kweli. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa, maneno ya Zakro yangeweza kuwekwa yote kwenye kikapu kimoja, na kikapu kisijae. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa anapiga, hakuwa anakunywa zaidi ya wengine. Alikuwa anakula, anashukuru kwa kichwa, analala.

Mtu akiingia ghala la shamba la Nasakhlari kwa mara ya kwanza huuliza mitungi iko wapi. Haoni kitu ila sakafu ya udongo na midomo ya duara iliyofunikwa kwa mawe. Mitungi yenyewe iko chini, imezikwa mpaka shingoni, kila mmoja na uwezo wa kumeza watu watatu waliosimama. Zabibu huingizwa humo pamoja na maganda na vikonyo vyake, hazitiwi kitu kingine, na mvinyo hutolewa baridi ikiisha. Ndivyo shamba lile lilivyofanya kazi kwa miaka mia tatu. Malkhaz, aliyelinunua kutoka kwa watu wa mjini, alikuwa ameandika kwenye chupa zake: Njia ya Mababu. Wageni walipenda sana maneno hayo.

Asubuhi ya siku ile mtungi wa saba ulikutwa una ufa. Na redio ilikuwa imetangaza mvua ya mawe, kwa hiyo shamba zima lilikuwa limechumwa kwa siku mbili. Matenga yalijaa uani. Zabibu zilizolundikana huanza kupata joto zenyewe. Mpaka kesho yake mchana zingekuwa siki. Malkhaz alikuna kichwa, akazunguka ghala mara mbili, kisha akanyoosha kidole kwenye kona.

"Ule."

Ule ulikuwa mtungi wa marehemu.

Kila nyumba ya zamani bondeni ina wake. Mvinyo wake hauuzwi. Hufunguliwa siku ya sikukuu tu, na kikombe cha kwanza humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Lakini mtungi wa marehemu wa Nasakhlari haukuwa umefunguliwa tangu enzi za shamba la ushirika. Udongo uliozunguka kifuniko chake ulikuwa umekauka mgumu kama mfupa. Bi Sidonia, mama yake Zakro, akipita ghalani aliambaa ukuta wa upande wa pili, na kila mwaka alisema jambo moja: huo ni wa wafu, uacheni. Watu waliitikia kwa adabu. Kila mtungi wa namna hiyo ni wa wafu. Hakuna aliyeona kwamba kuna la ziada.

"Mtungi wa marehemu usio na mvinyo ni mtungi tu," Malkhaz alisema. "Nitawasha mishumaa ishirini kanisani Jumapili. Ila zabibu hazisubiri Jumapili, dada yangu. Au zinasubiri?"

"Hazisubiri," Makvala alikubali.

Baadaye alilikumbuka neno lake hilo.

Sasa, jioni, Zakro na Malkhaz walivunja udongo kwa patasi, wakainua jiwe kwa mtaimbo. Makvala alishika pua mapema, akijua uvundo wa mtungi uliokaa miaka mingi.

Haukutoka uvundo.

Ilitoka hewa ya vuguvugu... yenye unyevunyevu. Kama pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi.

Walifunga mshumaa kwenye uzi, wakaushusha, kwa sababu hewa mbaya huzima moto kabla haijazima mtu. Mwali ulisimama wima, haukutikisika hata kidogo. Waliuacha humo mpaka Malkhaz akachoka kungoja.

"Hewa safi! Haya, mimi niko uani kwenye matenga. Niiteni mkimaliza."

Zakro alivua viatu. Alijifunga kamba kiunoni, akachukua taa na brashi ya gome la mti wa cheri. Alikuwa anaosha mitungi tangu ana miaka kumi na sita, kwa kuwa alikuwa mwembamba. Sasa alikuwa na arobaini na mabega yalikuwa yameanza kugoma mdomoni mwa mtungi.

"Umenenepa," Makvala alisema. "Utakwama hapo kama kizibo."

"Ni maharage yako."

"Basi kesho ule mawe. Kamba umekaza?"

"Inanikata."

"Ikukate. Imba."

Hiyo ndiyo sheria ya kazi ile, na mtoto yeyote wa bondeni anaijua. Anayeosha mtungi lazima aimbe. Anayekaa juu lazima asikilize. Wimbo ukikatika, unavuta kamba. Huulizi, huchungulii, unavuta.

Alishuka kwa ngazi fupi, kisha Makvala akaitoa. Taa ilifanya duara la njano chini, na ndani ya duara kilionekana kichwa cha Zakro tu.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu." Sauti ilipanda nzito, kama inavyopanda siku zote kutoka mtungini. "Pakavu. Pameoshwa."

"Ameosha nani?"

"Mimi nitajuaje? Mashapo kidogo chini hapa. Shusha maji, we mama Tekle, niondoke humu."

Alishusha ndoo. Alisikia maji yakimwagwa, kisha brashi. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Na wimbo ukaanza, ule wimbo wa wakulima na ng'ombe wao, wimbo pekee Zakro aliowahi kuuimba, na aliuimba kama mtu anayelipa faini. Makvala alikalisha mwili kwenye tenga lililopinduliwa, kamba mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu alfajiri. Ndoo ya kwanza ya maji machafu ilipanda, ya kijivu. Ya pili ikapanda. Alishusha ya tatu.

Kwaru. Kwaru...

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Makvala alisimama. Kamba mkononi.

"Zakro?"

Moja, alihesabu. Mbili. Tatu.

"Niko," sauti ilisema.

Na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia.

Alipumua. Alirudi kukaa, akatukana kimoyomoyo. Kumbe kakohoa tu. Uani trekta lilikuwa linanguruma, na Malkhaz alikuwa anamfokea mtu kuhusu matenga. Mwanga wa mlangoni ulianza kugeuka zambarau. Chini, taa ilikuwa imezimika, au ilikuwa imesogezwa upande. Duara la njano halikuwapo tena.

"Taa imezima?"

"Siihitaji. Pote napajua kwa mkono."

Wimbo ukafika mwisho. Haukuanza upya. Badala yake sauti ikasema, kwa upole:

"Makvala... umekaa?"

Alishtuka kidogo. Hakukumbuka lini aliitwa jina lake mara ya mwisho na mtu wa nyumbani mwake.

"Nimekaa."

"Kaa vizuri. Vua viatu. Miguu inakuuma tangu juzi."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona ukipanda ngazi umeshika ukuta. Sikusema. Mimi huona, Makvala. Ila kusema ndiyo huwa sisemi."

Makvala alitazama mdomo wa mtungi. Ulikuwa mweusi. Alitaka kufanya mzaha, lakini mzaha haukuja. Polepole alivua kiatu kimoja, kisha cha pili. Udongo wa sakafu ulikuwa wa baridi na wa kupendeza.

"Una nini leo?" aliuliza.

"Humu ndani mtu anafikiri. Hakuna kelele. Hebu niambie, mtoto sikio limepungua?"

"Limepungua. Usiku atalala."

"Wewe ndiye hulali. Unaamka mara tatu kumfunika. Mimi najifanya nimelala."

Alicheka, cheko fupi. Alijiona mjinga, mwanamke wa miaka thelathini na minane anacheka na shimo. Wenye kuimba huruhusiwa pia kuzungumza. Sheria inataka sauti tu. Sauti ilikuwapo. Basi alikaa.

Walizungumza. Alimweleza jinsi mwalimu wa Tekle alivyosema mtoto ana akili ya hesabu. Alimweleza mlango wa banda la kuku. Sauti ilimuuliza mambo, ikangoja jibu, ikakumbuka alichosema na kuuliza tena. Uani giza lilikuwa linaingia na baridi ilikuwa inatambaa sakafuni, lakini hewa iliyopanda mtungini ilikuwa ya vuguvugu, ikamgusa nyayo. Ilinukia mkate... na kitu kingine chini ya mkate.

Kisha sauti ikasema:

"Sikuwahi kukupa pole kwa ajili ya Tamta."

Tamta alikuwa binti yao wa kwanza. Aliishi siku kumi na moja. Zakro alichimba kaburi mwenyewe, akarudi, akanawa mikono, akauliza kama kuna supu. Tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa ndani ya nyumba yao. Makvala alikuwa amelitamka peke yake tu, kwenye zizi, akimkamua ng'ombe.

"Nilipaswa kukushika siku ile," sauti ilisema. "Nilikuwa na udongo mikononi. Niliona aibu. Pole, mke wangu. Pole sana."

Machozi yalimtoka. Hakuyafuta. Hakuwa na wa kumwona. Alilia kwa raha kama mtu anayetua mzigo, na sauti ikamngoja amalize, haikumharakisha. Hakujua alilia muda gani. Alipotaka kupenga kamasi, mkono wake ulitafuta kitambaa, ukagusa ndoo iliyokuwa kando yake.

Ndoo moja tu. Ya pili ilikuwa chini. Ilikuwa ya tatu kushushwa.

Haikuwa imepanda.

Makvala alikaa tuli, akasikiliza. Kwa mara ya kwanza jioni ile hakusikiliza maneno. Alisikiliza kilichokuwa nyuma ya maneno.

Brashi haikuwa inakwaruza.

Tangu lini? Alirudisha mawazo nyuma. Tangu habari za kuku? Kabla. Tangu habari za sikio? Kabla. Alirudi nyuma mpaka pale wimbo ulipokatika katikati ya neno, na alipohesabu moja, mbili, tatu. Wimbo ulirudi. Brashi haikurudi.

"Zakro," alisema taratibu. "Niletee ndoo."

"Baadaye."

"Ifunge kwenye kamba niivute."

"Makvala. Tulikuwa tunazungumza vizuri..."

Aliivuta kamba iliyokuwa kiunoni mwa mumewe. Haikulegea. Haikuvutwa kwa upande wa pili. Ilikuwa nzito. Ilikuwa nzito kama gunia.

"Usivute," sauti ilisema kwa upole ule ule. "Kaa kidogo."

Alipiga ukelele.

Malkhaz aliingia mbio na tochi, nyuma yake harufu ya mafuta ya trekta. "Nini? Nini?"

"Vuta! Zakro kaanguka! Vuta nami!"

Malkhaz alishika kamba, kisha akasimama. Kutoka chini wimbo wa ng'ombe ulikuwa unapanda, mzuri, wa sauti kamili.

"Si anaimba?" alisema.

"Si yeye!"

"Dada..." Malkhaz alimtazama miguu yake mitupu, uso uliolowa. "Mmegombana?" Aliinama mdomoni. "Zakro! Mkeo huku juu kachanganyikiwa! Upo?"

"Nipo, bosi," sauti ilijibu. "Kachoka tu. Mpeleke nyumbani, mimi namalizia."

"Umeona? Basi mwache mtu..."

Makvala alimkamata shati kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amezaa watoto watatu na kubeba matenga ya zabibu tangu utoto, vifungo viliruka. "Nikikosea nitakuosha miguu mbele ya kijiji kizima," alisema. "Vuta."

Malkhaz alivuta, labda kwa kumwogopa yeye kuliko mtungi. Walivuta pamoja. Wimbo haukukatika. Kamba ilipanda dhiraa moja, dhiraa mbili, ikikwaruza ukingo wa jiwe, na wimbo ulibaki chini, pale pale, ubeti kwa ubeti. Ikatokea nywele. Yakatokea mabega, yakakwama, wakayazungusha.

Walimlaza sakafuni. Malkhaz alimmulika.

Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa ya rangi ya zabibu. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika ukiwa na brashi, na haukukunjuka. Makvala aliweka kiganja shingoni mwa mumewe, na baridi aliyoigusa haikuwa ya mtu aliyekufa sasa hivi.

Malkhaz alianza kusema sala, akasahau maneno.

Chini, wimbo ulikoma.

"Makvala?" sauti ya Zakro iliita kutoka mtungini. "Mbona umenyamaza?"

* * *

Malkhaz alilisukuma jiwe peke yake, jiwe ambalo jioni ile ile lilihitaji watu wawili na mtaimbo, akasimama juu yake.

Daktari alifika saa mbili. Alisema mashapo ya zamani, yakimwagiwa maji ya moto, pengine yalitoa hewa mbaya ambayo mshumaa ulishushwa mapema mno kuigundua. Alisema marehemu hakuteseka. Alikwenda katika dakika za mwanzo.

"Lini?" Makvala aliuliza.

"Mmesema alishuka kama saa kumi na mbili kasoro. Basi hata saa kumi na mbili kamili huenda hakuifikia."

Wimbo ulipoisha na sauti ikamwita kwa jina, kengele ya kanisa ilikuwa bado haijapigwa. Ilipigwa wakati anaeleza habari za mlango wa banda la kuku. Hupigwa saa kumi na mbili na nusu. Aliikumbuka vizuri, kwa kuwa sauti ilimwambia: ngoja ipite, nataka nikusikie.

Hakumwambia daktari. Malkhaz naye alipoulizwa alisema hakusikia kitu, alisema hivyo akitazama kofia yake. Na usiku ule ule, wanawake wakimwosha Zakro, vibarua waliingiza zabibu za matenga yote kwenye mtungi wa kona. Zilikuwa zimeanza kupata joto. Kilichotengwa kwa mvinyo lazima kiwe mvinyo.

Bi Sidonia hakulia mbele za watu. Alimkalisha mkwewe jikoni, akafunga mlango, akauliza swali moja kwa kunong'ona.

"Ilikwambia mambo mazuri?"

Makvala aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mama."

"Mama yangu naye ilimwambia hivyo hivyo." Bibi kizee alikuwa anasugua goti. "Msimamizi wa ushirika alitaka mtungi mmoja zaidi atimize hesabu ya serikali. Baba akashuka. Mama akakaa juu, mimi nikiwa na miaka tisa. Walizungumza mpaka giza. Mama alikuwa anacheka... sikuwahi kumsikia akicheka vile. Walipomtoa baba alikuwa amekauka tangu mchana."

"Na hukutuambia."

"Nimewaambia kila mwaka. Huo ni wa wafu."

"Kila mtungi wa namna hiyo ni wa wafu, mama! Ungesema! Ungesema una kitu ndani!"

"Ningesema nini? Kwamba unaongea? Mngeniita kichaa, na Malkhaz angeleta wageni wausikilize." Alisugua goti tena. "Nilidhani neno moja linatosha. Nimemzika mwanangu kwa neno moja."

"Ni kitu gani kile?"

"Sijui. Mama alisema ni udongo tu. Udongo hunywa, si unajua? Unatia mvinyo mweupe palipokuwa na mwekundu, na miaka mitano unaonja ule wa kwanza. Watu wameimba humo miaka mia tatu, wameita wake zao, wamesema siri zao ili wasizimie. Labda na wenyewe umejifunza. Labda ni shetani. Mimi ni mkulima, sijui." Alimshika mkono ghafla, kwa nguvu. "Nisikilize, mwanangu. Usirudi pale. Mama yangu alirudi. Alikwenda kila jioni, kila jioni, mpaka wakaja wanaume wakauziba kwa udongo, na baada ya hapo hakutaka kula. Wadogo zangu wawili nimewalea mimi. Umenisikia? Una Tekle. Una mdogo wake."

"Nimesikia, mama."

"Apa."

Makvala aliapa.

Alikaa mbali na ghala mwezi mzima. Alifanya kazi ya shambani, ya jikoni, ya nguo. Kazi ya kusukuma maganda chini kwa fimbo ndefu, mara nne kila siku ili mvinyo usiharibike, ilifanywa na vibarua kutoka kijiji cha jirani. Mtungi wa kona waliufikia mwisho kabisa, na hapo waliondoka upesi. Mmoja alisema unachemka kwa sauti isiyo kama ya mingine. Mwingine alimwambia anyamaze.

Usiku Makvala alijitandaza upande wake wa kitanda. Upande wa pili ulikuwa kimya, na alijua kwamba ulikuwa kimya vile vile hata Zakro alipokuwa amelala hapo. Hilo ndilo lililomtafuna. Alimlilia mume aliyemzika, ni kweli, alimlilia kwa haki yake yote. Lakini kila alipojaribu kukumbuka sauti yake akisema neno zuri, neno lililokuja lilikuwa lile la mtungini. Hakuwa na jingine.

Siku ya arobaini walisoma sala, wakala, wakamwaga vikombe kaburini. Wageni walipoondoka, Malkhaz alimfuata uani, kofia mkononi. Maganda yalikuwa yamezama katika mitungi yote. Ilikuwa siku ya kuifunga. Vibarua walikuwa wamefunga kumi na saba na wakaondoka kabla ya kuifikia kona.

"Mimi siwezi, dada," alisema. "Nimejaribu. Siwezi. Na hakuna anayefinyanga udongo kama wewe. Ukishafungwa, umekwisha. Sitaufungua tena, naapa kwa wanangu."

Makvala alifikiri kuhusu kiapo chake. Alifikiri pia kwamba mtungi uliofungwa ni salama kuliko ulio wazi, na kwamba watoto hucheza karibu na mlango ule. Alijiambia hivyo. Ilikuwa sababu nzuri, ya mtu mzima.

"Nipe dakika kumi," alisema.

Alikanda udongo na maji mpaka ukawa laini kama unga wa mkate. Ghala lilinukia mvinyo mpya. Jioni ilikuwa imeingia mlangoni. Aliinama, akalisukuma jiwe kwa mtaimbo mpaka mahali pake juu ya mdomo, akaanza kupaka udongo ukingoni, kipande baada ya kipande, akikandamiza kwa dole gumba. Robo. Nusu. Hakusikia kitu. Robo tatu. Hakusikia kitu, na kifua chake kikaanza kumuuma.

Ilibaki nafasi ya kiganja. Ikabaki ya vidole vitatu.

Chini ya mvinyo, mbali sana, povu moja lilipasuka.

"Umekonda," sauti ilisema.

Makvala alifumba macho. Mikono ilikuwa juu ya udongo.

"Sikulaumu ukifunga," sauti iliendelea. "Funga, ukapumzike. Nilitaka tu kujua... leo umekula?"

Alipaka udongo. Mikono yake iliijua kazi bila yeye. Vidole viwili. Alijua kwamba mtungi ukibaki na upenyo, hata mdogo, hewa huingia na mvinyo wote hugeuka siki. Lita elfu mbili. Jasho la shamba zima.

Kidole kimoja.

Akaacha.

Alilowesha mkono, akausawazisha udongo kuzunguka ule upenyo, vizuri, kwa uangalifu, ili mtu akisimama wima asiuone. Kisha akakaa chini. Akavua viatu.

"Mama!" Tekle aliita kutoka uani. "Mama, bibi anakutafuta! Anauliza uko wapi!"

"Nakuja," Makvala alijibu.

Alilaza sikio juu ya jiwe. Lilikuwa na vuguvugu.

"Sijala," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakungoja."